Mijadala ya mashabiki wa soka, Kyela

Mijadala ya mashabiki wa soka ni mazungumzo ya vijiweni kuhusu usajili, mbinu za uchezaji na fedha za klabu. Wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kama kwingineko Tanzania, mashabiki wengi hugawanyika kati ya klabu za Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (1936). Timu za Mkoa wa Mbeya, ilimo Kyela, ni pamoja na Tanzania Prisons na Mbeya City, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14.

Hoja ya kwanza ni kuunda upya kikosi. Simba, bingwa mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, iliachia ubingwa kwa Yanga. Mwaka 2024 Simba iliacha wachezaji wengi na kusajili wapya. Mwaka 2025 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na RS Berkane ya Moroko.

Hoja ya pili ni ulinzi. Timu ndogo zikikutana na vigogo mara nyingi "hupaki basi": hurudisha wachezaji nyuma na kusubiri shambulizi la kushtukiza.

Hoja ya tatu ni mishahara. Kwa kulinganisha, ligi ya magongo ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, imeweka ukomo wa mishahara ya kila timu tangu 2005. Ligi Kuu ya Tanzania haina ukomo wa namna hiyo, hivyo nguvu ya usajili hutegemea wadhamini na wafadhili wa klabu.