Nani Anamjengea Nani Handeni?

Mwezi wa sita mwaka jana alinijia jioni kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, akanipa shikamoo, akaketi. Yeye na wenzake wa umoja wa vijana wa kanisa lao hapa Dar es Salaam walikuwa wakijiandaa kwenda Handeni wakati wa likizo. Mchana wangemjengea nyumba bibi mmoja mjane, na jioni wangehubiri. Nilimpongeza. Lakini kijana mwenyewe alikuwa na dukuduku. "Babu," akasema, "mimi tangu nizaliwe sijashika mwiko. Yule bibi na ndugu zake wamelala maisha yao yote katika nyumba walizojenga kwa mikono yao. Sasa sisi tunakwenda kumsaidia nani?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilimwambia kwamba swali lake lina umri mkubwa kuliko anavyodhani, na kwamba katika nchi hiyo hiyo ya Uzigua na Bonde wapo vijana waliokwenda kujenga zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Habari zao ndizo nilizowaletea juma hili.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Anayepita leo Korogwe kwa basi, akanunua machungwa dirishani na kuendelea na safari ya Moshi, hawezi kuwaza hofu iliyokuwako katika bonde lile. Katika karne ya 19 baadhi ya vijiji vilivyo kando ya mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, vilijengwa juu ya visiwa, mto wenyewe ukiwa ndio boma. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi wauzwe ng'ambo hadi Somalia, ambako wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua. Kisha alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vuga, mwaka 1862, watoto na wajukuu wake waligombania kiti, Wabondei wakaasi, na kila upande ukateka watu na kuwauza pwani ili kupata bunduki na baruti. Katika nchi ya namna hiyo nyumba si kitu cha kukaa miaka mingi. Mtu hujenga akijua kwamba huenda atakimbia usiku huo huo.

Huko ndiko walikokwenda wale wamisionari wa UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyozaliwa baada ya Dakta Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wao ulikuwa mbaya. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alifariki mwanzoni mwa 1862 upande wa Malawi ya leo. Aliyemfuata, Askofu Tozer, alihamia Unguja mwaka 1864. Sultani Majid alimpa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano, msikilizaji, ndio waliokuwa shule yake yote.

Mimi huwa nakaa nikiwafikiria wale watoto. Wametolewa bara na kupelekwa pwani, hawajui kwao ni wapi, mama amepotea, lugha yenyewe imeanza kuwatoka. Wanaambiwa kuna Baba aliye mbinguni, na katika nyumba yake mna makao mengi. Mtoto asiye na makao hata moja hapa duniani alilisikiaje neno hilo? Vitabu vya misheni vinatuambia walivyokariri na walivyobatizwa. Walivyowaza usiku havituambii.

Mwaka 1870 wawili kati ya vijana wa shule hiyo, John Swedi na Francis Mabruki, waliwekwa na Askofu Tozer kuwa mashemasi wadogo. Mabruki akapelekwa Magila, kule Bonde, jirani kabisa na Korogwe, mahali ambapo misheni ilikuwa imeanza mwaka 1868. Angalieni jambo hilo vizuri. Kijana aliyenunuliwa na kuuzwa utotoni anatumwa kwenda kuishi katika nchi ambako watu walikuwa bado wanakamatwa na kuuzwa. Na kazi ya Magila siku hizo haikuwa kuhubiri peke yake. Wazungu waliofika mwanzoni waliugua homa, baadhi wakafa, wengine wakarudishwa Unguja mahututi. Ilibidi watu wakate miti, wasimamishe nguzo, wafunge fito, wakandike udongo na kuezeka nyasi. Mvua za Bonde zikija kuta zinamomonyoka, na kazi inaanza upya. Kazi hiyo mwenye kuijua alikuwa mwenyeji. Mgeni, awe Mzungu au kijana wa Unguja, alikuwa mwanafunzi tu.

Jambo hilo Askofu Steere, aliyeshika uaskofu mwaka 1874, alilielewa kuliko wengi wa zama zake. Alikuwa mtu wa sheria, daktari wa sheria wa Chuo Kikuu cha London, lakini kule Mkunazini alipanda mwenyewe majukwaani kusimamia ujenzi wa kanisa kuu juu ya lile soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Paa lake alilitengeneza kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, likapinda kama pipa, na wajuzi wa mji wakasema litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Waunguja husimulia kwamba zipo nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Kama ni kweli, basi nampenda zaidi kwa kuziacha.

Huyo huyo Steere mwaka 1876 aliongoza watu walioachiwa huru kutoka kijiji cha Mbweni, akaenda nao bara kusini. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi watu wenyewe wakasema hapa panafanana na kwetu, hatuendi mbele. Wakajenga. Katika safari ile alikuwamo Mwingereza mmoja wa miaka 22, William Percival Johnson, aliyetoka Oxford bila kujua hata kusonga ugali. Aliishi Nyasa zaidi ya miaka arobaini, akazeeka na kufa huku huku. Na zile nyumba za Masasi? Mwaka 1882 Wangoni walizishambulia, zikateketea, watu wakatawanyika, kisha wakaanza tena.

Turudi Tanga. Kufikia mwisho wa karne ya 19 misheni ilikuwa imevuka Bonde ikaingia Korogwe, na baadaye Handeni. Waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa vijana Waafrika waliosoma Kiungani, Unguja, wakiwamo sasa Wabondei wenyewe, kama Petro Limo na Samuel Sehoza waliokuja kuwa mapadri. Si wote waliodumu. Kuna waliopenda mshahara wa ukarani mjini, na siwalaumu sana. Waliobaki walilipia. Vita vya 1914 vilipozuka Wajerumani waliwashuku walimu wa UMCA kuwa ni watu wa Waingereza, wakawafunga, na baadhi hawakurudi. Nao wanawake wasisahauliwe. Mwaka 1911 Askofu Weston alianzisha utawa wa masista wa Mateso Matakatifu, na masista hao wakafika hadi Kwamkono, Handeni, kuwauguza wenye ukoma ambao majirani walikuwa wamewatenga. Ukimwosha mtu vidonda kila asubuhi kwa miaka kumi, hata sala unayosali jioni haiwezi kubaki ile uliyokuja nayo.

Hapo kijana wangu alinikatiza. Akasema, "Lakini Babu, hao walikaa. Sisi tunakwenda wiki mbili."

Ndiyo maana nikamtolea mfano mwingine, nao si wa kanisa. Baada ya Uhuru serikali ilianzisha makazi ya majaribio, na mojawapo lilikuwa Kabuku, Handeni, katika mashamba ya katani. Nia ilikuwa njema kabisa. Walowezi waliletewa mitambo, wataalamu na mipango iliyoandikwa mbali nao. Matokeo yake katika makazi mengi ya namna hiyo nchini ni kwamba gharama zilipanda, madeni yakawaelemea wakulima, na watu wakajiona kama vibarua wa serikali, wakingoja aliyeleta vitu aje avitengeneze vikiharibika. Mwezi wa Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba mipango hiyo haitaendelezwa. Wakati huo huo, katika vijiji vya milima ile ile ya Tanga, watu walikuwa wakiitana kwa msaragambo, wanachimba mfereji au kumwinulia mwenzao nyumba kwa siku moja, malipo yakiwa chakula na pombe kidogo. Siku wiki mbili za vijana wa mjini zinaweza kuwa Kabuku ndogo, na zinaweza kuwa msaragambo. Inategemea nani anaitwa fundi na nani anaitwa msaidizi. Nikamwambia mimi naona wao ndio wanaokwenda kusaidiwa, na ingekuwa vizuri wakawaambia hivyo hata wale waumini waliochanga fedha za nauli.

Alinyamaza. Sijui kama nilimfurahisha.

Walikwenda. Aliporudi alikuja tena, viganja vimechubuka, akanisimulia. Walifika na mchoro wa nyumba, umechorwa vizuri kwa rula, mlango ukielekea barabarani. Bibi akautazama, akawashukuru, akawalisha. Siku ya tatu, nguzo zikiwa zimeshasimama, akasema mlango huo hautaki. Anataka uelekee kwa wifi yake, upande wa pili wa uwanja, maana kila asubuhi ndiko anakoangalia kama moshi umetoka jikoni. Usipotoka, anajua mwenzake ameamka mgonjwa. Kiongozi wao akaeleza kwamba kazi itachelewa na hata picha haitapendeza. Bibi akasema basi, yeye atangoja.

Jioni ile walisoma Maandiko kama kawaida, lakini kijana anasema hakuna aliyesimama kuhubiri. Asubuhi waling'oa nguzo mbili, mjukuu wa bibi akawaonyesha jinsi ya kuzishindilia upya, wakaufungua mlango upande wa wifi. Nauli ya gari la kukodi iliwapita siku mbili, na nyumba waliiacha haijakandikwa ukuta mmoja. Huo ukuta, ameniambia, majirani waliumaliza kabla wao hawajafika Chalinze.