Foleni ya Kariakoo: cha mwisho kikawa cha kwanza

Leo tuongee foleni. Si ile ya Msimbazi jioni, ni ile ya ndani ya waya.

Mwaka 2008 mjomba wangu alikuwa na intaneti kafe Kariakoo, mashine kumi na mbili. Mimi nilikuwa shule ya msingi, kazi yangu kugawa tiketi za muda. Enzi hizo Dar haikuwa na mkongo wa baharini. SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kafe yetu ilitegemea dishi: kila ukurasa ulipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, na mashine zote zikagombania kilobiti 128 kwa sekunde. Mmoja akianza kushusha nyimbo, wengine wanatazama skrini nyeupe.

Mjomba akaamua kupanga foleni kwenye seva yake ya Linux. Toleo la 2.2, la Januari 1999, lilikuja na zana za kazi hiyo, alizoandika Mrusi Alexey Kuznetsov. Unagawa bomba kuwa njia, halafu unaweka vichujio vinavyokagua kila paketi na kuielekeza. Kila kichujio kina namba ya kipaumbele. Ukaguzi huanza na namba ndogo, na kichujio cha kwanza kuikubali paketi ndicho kinachoamua. Vilivyobaki haviulizwi.

Akaandika viwili. Cha kwanza: kurasa za wavuti zipite njia pana. Cha pili: kingine chochote kipite njia nyembamba. Namba hakuweka, akiamini kilichoandikwa kwanza kitasomwa kwanza.

Kumbe wapi! Usipotaja namba, Linux inajipangia yenyewe, tena kwa kurudi nyuma: kichujio cha kwanza kinapewa 49152, kinachofuata 49151. Kwa hiyo cha mwisho kuandikwa ndicho kilichosomwa kwanza, nacho kilikubali kila kitu. Kafe nzima ikaingia njia nyembamba.

Jioni hiyo dada mmoja alikuwa anatuma maombi ya chuo, siku ya mwisho. "Mdogo wangu, hebu niangalizie, mbona haiendi?" Nikamwambia asubiri kidogo. Tulifunga kafe fomu ikiwa bado haijaenda. Mjomba akamrudishia hela yake. Siku hatukuweza kumrudishia.

Usiku ule mjomba aliona kosa. Akafuta vyote, akaandika upya: wavuti namba 1, vinginevyo namba 10. Asubuhi kurasa zikafunguka, kwa dishi lile lile na kilobiti zile zile.

Kariakoo ilipata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mtaa wa wabeba mizigo, basi. Mpaka leo nikiona mtandao umekwama, swali langu la kwanza si bomba ni kubwa kiasi gani. Nauliza nani kapanga mzigo upi utangulie, au kama kaiachia mashine ijipangie.