Samaki wa Toulon na shavu la shangazi

Shangazi yangu alilipa shilingi 40,000 ainuliwe mashavu bila kisu. Zilikuwa pesa za chama, zamu yake ilipofika. Miezi minane baadaye alinitumia picha mbili kwa simu, ya kabla na ya baada, halafu akapiga.

"Hebu angalia, kuna tofauti?"

Nikaangalia. Tofauti niliyoiona ilikuwa ya blauzi.

"Basi ni mimi," akasema. "Wengine wote imewashika. Ngozi yangu ndiyo imekataa. Si wewe ulisoma biolojia kabla uache chuo? Nitafutie hii kitu inafanyaje."

Huyu ndiye aliyenilipia karo ya mihula yote niliyomaliza, kwa hivyo deni lilikuwa langu. Nilianza na jina lililokuwa kwenye risiti yake, HIFU. Nilidhani nitaishia kwenye mambo ya saluni. Kumbe historia yake inaanzia vitani, baharini, huko Ufaransa.

Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikifinywa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme, hutetemeka. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika na nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli, mwanafizikia Paul Langevin alitumia fuwele hizo kutuma majini mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yagonge nyambizi na kurudi. Mwaka 1917, akiwa kwenye majaribio Toulon, aliona jambo ambalo hakulitafuta. Samaki waliopita mbele ya mawimbi hayo walikufa. Na mtu akiingiza mkono majini, uliuma.

Kwa hivyo tangu siku za mwanzo ilijulikana kwamba sauti hii inaweza kujeruhi. Swali likawa: je, inaweza kujeruhi pale tu unapotaka? Mwaka 1942 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba mawimbi yanaweza kukusanywa kwenye nukta moja. Ni ule mchezo wetu wa utotoni wa kuchoma karatasi kwa lenzi na jua: karatasi inaungua pale tu mwanga unapokutana. Miaka ya 1950 ndugu wengine wawili, William na Francis Fry wa Illinois, walichoma kwa njia hiyo nukta ndogo ndani kabisa ya ubongo, hata kwa wagonjwa wa Parkinson. Lakini mfupa wa fuvu ulikuwa unazuia mawimbi, kwa hivyo ilibidi kwanza kipande chake kiondolewe.

Urembo ulikuja baadaye sana. Mwaka 1976 madaktari wa Ufaransa, Mitz na Peyronie, walieleza utando ulio chini ya ngozi na mafuta ya uso, ambao tangu hapo unaitwa SMAS. Huo ndio daktari wa upasuaji anaoukaza akitaka kuinua uso. Mashine ikapata shabaha. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu mawimbi haya yatumike kuinua nyusi. Nyusi tu, si uso mzima. Ruhusa ya shingo na chini ya kidevu ilifuata 2012.

Sasa, inafanyaje? Fikiria robo kilo ya nyama ikiingia sufuria. Inajikunja, unabaki ukishangaa nusu ya chakula imeenda wapi. Sehemu ya kinachofanyika hapo ni kolajeni, kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, inayoachia msokoto wake kwa joto na kuwa fupi. Mashine inafanya hivyo kwa vinukta vidogo, kwa joto la nyuzi 60 hadi 70, kwenye kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5, huku ngozi ya juu ikiachwa salama. Lakini huko kujikunja ni kidogo. Kazi kubwa inafuata: mwili unaona vidonda, unatuma seli kuvifunga, na seli hizo zinatengeneza kolajeni mpya kwa miezi mitatu hadi sita.

Kwa maneno mengine, mashine haiinui kitu. Inachoma kwa mpango, halafu inakuachia wewe upone. Matokeo yanatofautiana kwa sababu watu hawaponi sawa. Umri unapunguza kasi ya kutengeneza kolajeni. Sigara inaiharibu, jua la miaka mingi pia. Sukari ya juu kwenye damu inachelewesha vidonda kupona.

Hapo nikasimama. Shangazi ana kisukari. Alipoanza kukidhibiti miaka mitatu iliyopita alipunguza kilo 20, na ndiyo maana mashavu yalilegea. Ngozi iliyobaki baada ya kupungua hivyo ni ngozi ya ziada, na hakuna nukta ya joto inayoiondoa. Tena uso uliokonda una hatari yake: joto likifika kwenye mafuta, linaweza kuyapunguza, shavu likazidi kubonyea.

Halafu kuna mkono unaoshika mashine. Ukichagua kina kisicho chake, unachoma mahali pasipohitajika. Ukipunguza nguvu ili mteja asilie, au ukipiga vinukta vichache ili umalize haraka, mwili hauoni jeraha la kutosha. Jina HIFU lenyewe linabandikwa kwenye mashine nyingi: zingine zinamwonyesha mtumiaji picha ya tabaka anazolenga, zingine zinakwenda kwa kukisia. Jambo moja tu lilikuwa upande wetu. Leza za mwanga hunaswa na melanini, ndiyo maana zinaweza kuunguza ngozi nyeusi zikitumiwa vibaya. Sauti haijali rangi.

Nikampigia. "Shangazi, walikuuliza kama una kisukari?"

"Waliuliza kama nalipa kwa simu."

"Na ulipunguza kilo ngapi?"

"Hawakuuliza. We, mimi nilidhani mashine inajua."

Nikamweleza yote, kuanzia wale samaki hadi robo kilo ya nyama. Alisikiza bila kunikatiza, kitu ambacho hafanyi. Mwishoni akasema, "Kwa hivyo si ngozi yangu ilikataa."

"Hapana. Uliuziwa dawa ya ugonjwa mwingine."

Akatulia kidogo, halafu akaanza kuhesabu kwa sauti hizo 40,000 zingenunua nini. Aliyefuata kwa zamu kwenye chama ni rafiki yake, na ameshaweka miadi hapohapo. Shangazi ameniomba nimwandikie maswali ya kumpelekea kabla hajalipa. La kwanza ni hili: kabla ya kutaja bei, mtaniuliza nini kuhusu mwili wangu?