Kabla ya podikasti kulikuwa gita: sauti na biashara toka Jadotville mpaka Likasi



Siku hizi, wenye diploma wawili watatu wakikutana hapa Likasi, mazungumzo yanafika palepale. Kazi haiko, basi tufungue biashara ndogo. Biashara ikishafunguka, tuitangaze namna gani? Bango linakula makuta, redio inaomba makuta, na video inakula mega za mteja kabla hajaona hata bidhaa. Halafu mmoja anasema: "Tufanye podikasti. Telefone tuko nayo, mdomo tuko nao."

Mimi nilisoma historia, sikusoma komersi. Kwa hiyo swali hili sikulipeleka kwa wataalamu wa soko, nililipeleka kwa wakati uliopita. Kumbe mji wetu uliisha kulijibu nusu. Mtu wa hapa alikwenda kuuzisha bidhaa kwa sauti yake, redioni, zaidi ya miaka 60 iliyopita. Tukiangalia vizuri kilichompata, tutajua podikasti yetu ifanye nini na isifanye nini.

Turudi mwaka 1952. Mji ulikuwa unaitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Union Minière. Jina la Likasi lilirudi rasmi mwaka 1966. Mwaka huo wa 1952 alipita hapa Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akikaa Afrika Kusini, akitembea na mashine ya kurekodi. Akamkuta kijana wa miaka 22 hivi, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mji ule wa M'siri. Kijana huyo alipiga gita kwa vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha shahada, lakini ukisikiliza unaapa kuwa wako watu wawili. Tracey akarekodi. Katika nyimbo hizo mulikuwa "Masanga", na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikatoa santuri. Jina la Bosco likaanza kutembea kwenda nchi ambazo yeye mwenyewe alikuwa hajakanyaga.

Hapo tuulize: watu walisikia kwa chombo gani? Gramafoni haikuwa ya kila nyumba. Lakini ng'ambo ya mpaka, kule Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kulikuwa kumetokea jambo. Mkubwa wa habari wa Lusaka, Harry Franklin, alikuwa ametafuta kiwanda cha kumtengenezea redio ya bei ndogo, inayokwenda kwa betri, ambayo mfanyakazi Mwafrika ataweza kuinunua. Ilipotoka mwaka 1949 iliuzwa pauni 5, bila betri, na kwa sababu ya umbo lake la duara watu wakaiita redio ya sufuria. Kwangu mimi, redio ile njo telefone ya leo. Chombo kikishuka bei, msikilizaji anazaliwa. Na msikilizaji akishazaliwa, mfanyabiashara hakawii kumfuata.

Alimfuata kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi. Kule alikuwa na kipindi chake redioni, na sauti yake pamoja na gita vikatumika kutangaza Aspro, dawa ya kichwa. Ndugu yake Edouard Masengo, mwanamuziki naye wa Katanga hii, alifika Nairobi pia, na yeye akaimbia matangazo ya Coca-Cola. Waliimba Kiswahili chao cha Katanga, na wasikilizaji wa Kenya hawakukataa. Wapiga gita wa kule wakaanza kuchunguza vidole vya Bosco na kujifunza mpigo wake.

Tusimame kidogo hapo. Mwenye dawa alikuwa na akili. Alijua kwamba mtu hawezi kukaa kusikiliza mambo ya kidonge. Lakini atakaa kusikiliza gita, na kidonge kitapita humohumo. Tangazo lilipanda juu ya mgongo wa kitu ambacho watu walikipenda tayari. Njo siri ya kwanza, na haijabadilika mpaka leo.

Sasa tuangalie upande wa pili wa hesabu. Sauti ilitoka Jadotville. Santuri zilitoka Afrika Kusini. Matangazo yalipigwa Nairobi, kwa faida ya bidhaa za kampuni za ng'ambo. Hapa kwetu kulibaki nini? Fahari, ndiyo. Bosco alifika mpaka Marekani, kwenye tamasha la Newport, mwaka 1969. Lakini maisha yake hayakuwa ya gita peke yake: alifanya kazi benki, alifanya kazi Gécamines, akawa na hoteli yake karibu na mpaka wa Zambia, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Mtu aliyeazima sauti yake kwa bidhaa ya wengine alikuwa naye na biashara yake mwenyewe. Bon, katika wakati wake, redio haikuwa mlango wa mwenye hoteli ndogo. Mlango ule ulikuwa wa kampuni kubwa.

Kilichobadilika kwa podikasti ni mlango huo tu. Neno lenyewe liliandikwa mara ya kwanza mwaka 2004, katika gazeti la Guardian la Uingereza, na mwaka 2005 Apple wakaingiza podikasti katika programu yao ya iTunes. Kwa maneno mepesi ni vipindi vya sauti vilivyopangwa kimoja kimoja, ambavyo msikilizaji anavichukua saa anayotaka. Haombi ruhusa ya stesheni, hangojei saa ya kipindi. Mwenye saluni ya Kikula anaweza leo kufanya kile ambacho zamani kilitaka kampuni ya dawa.

Lakini mlango kuwa wazi hakumaanishi watu wataingia. Nieleze kwa mfano ninaoujua. Yaya wangu ana atelier ya kushona, mashine tatu na wasichana wawili wa kujifunza. Ninamsaidia kuandaa podikasti ya dakika kumi kila wiki. Wazo la kwanza, ambalo kila mtu analo, lilikuwa hivi: "Karibuni kwetu, tunashona vizuri, bei ni nafuu." Nilimuuliza yaya: "Yaya, kipindi cha namna hiyo, wewe mwenyewe ungekisikiliza mpaka mwisho?" Akacheka, akasema, "Hata mwanzo."

Basi tukapima kwa kipimo cha Bosco: ukiondoa bidhaa, kinabaki kitu cha kusikiliza? Kwa yaya kinabaki kingi sana. Anajua kikwembe kipi kinachuja rangi na kipi kinadumu, na namna ya kukijua kwa kidole kabla ya kulipa. Anajua mama gani wa soko walianza na metre mbili za kitambaa. Anajua kwa nini uniforme ya mtoto ishonwe na pindo kubwa chini, ili mwaka kesho ishushwe tu. Mtu atasikiliza hayo hata kama hana nguo ya kushona. Na siku atakapokuwa nayo, atajua apeleke wapi.

Siri ya pili ni ya lugha, na hapa ninawasema sisi wenye diploma. Mtu akishika mikrofoni, Kifaransa cha mtihani kinamtoka chenyewe. Anataka tuone alisoma. Lakini kumbukeni Jecoke, wale Vijana Wachekeshaji wa komini ya Kenya, kule Elisabethville, ambao Masengo alipita kwao. Humo njo alimotoka Mufwankolo, na kundi lake likaja kuwa la kila nyumba, redioni na kwenye televisheni ya Lubumbashi, juu liliongea Kiswahili cha mji kama kinavyoongewa, pamoja na makosa yake, matusi yake madogo na Kifaransa chake kilichovunjika. Watu walijisikia wenyewe. Mteja wa yaya anaongea hivyohivyo. Kipindi chake kikiongea kama hotuba ya kolasioni, ataona kimeandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Siri ya tatu ni mpangilio. Kipindi cha redio kilikuwa na siku yake, na msikilizaji aliipanga jioni yake kwa ajili hiyo. Podikasti nyingi za vijana zinakufa kwenye kipindi cha nne, si kwa kukosa wasikilizaji, ni kwa kukosa siku. Bora dakika kumi kila Alhamisi kuliko saa nzima siku umeme ukikubali. Na kwa kuwa mega ni ghali, sauti ile tunaitengeneza iwe nyepesi, tunaituma kwenye WhatsApp ya wateja, ndipo tunaiweka kwenye intaneti kwa wengine. Kwenye atelier kuko kaye moja. Mteja mpya akiingia anaulizwa: "Ulitusikia wapi?" Jibu linaandikwa. Kaye hiyo inatuambia ukweli zaidi kuliko namba za kwenye skrini, kwa sababu namba inaonyesha aliyebonyeza, na kaye inaonyesha aliyekuja na kitambaa.

Nimeweka mwisho kile ambacho kwangu ni kikubwa zaidi. Tunamsikia Bosco wa 1952 leo kwa sababu mtu mmoja alirekodi, akaandika jina, mahali na mwaka, akatunza. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika kwa ajili ya kazi hiyo. Sauti za Jadotville zikatunzwa mbali na Jadotville. Na historia ya mji huu iliyoandikwa, sehemu kubwa ni ya shaba, ya viwanda vya Shituru na Panda, ya Union Minière na Gécamines iliyoifuata. Kampuni kubwa zina makaratasi. Fundi cherehani wa Kikula, muuza makala, mama wa mikate, hawana. Wakifa, bei zao, ujanja wao na maneno yao ya kazi vinaondoka nao. Nimefungua vitabu vingi vya Katanga nikitafuta watu wa namna hiyo, na mara nyingi nimewapata kwa mstari mmoja tu, tena bila jina.

Podikasti ya biashara ndogo inaweza kuziba tundu hilo bila hata kukusudia. Vipindi hamsini vya yaya ni tangazo, lakini baada ya miaka thelathini vitakuwa ushahidi: metre ya kitambaa ilikuwa bei gani, sherehe zilivaliwa nini, watu waliongea namna gani. Ila vitunzwe mikononi mwetu. Faili iliyolala kwenye programu ya wengine peke yake inaweza kufutwa siku moja bila sisi kuulizwa. Weka nakala nyumbani, nakala nyingine kwa ndugu, na kila faili iwe na tarehe na jina.

Kwa hiyo, mwenzangu unayetaka kuanza, kabla ya kutafuta mikrofoni ya dola mia, fanya jambo moja. Kipindi cha kwanza, taja tarehe, taja mtaa wako, taja bei ya kitu unachouzisha, halafu tueleze jambo moja ambalo kazi yako imekufundisha na sisi hatulijui. Mteja wa wiki hii atakupata. Na mwanahistoria wa mwaka 2080 atajua kwamba ulikuwepo.