Mzee wa Kentucky na vita vya mchuzi

Februari 2025 kampuni ya Yum Brands ilitangaza kuhamisha makao makuu ya KFC ya Marekani kutoka Louisville, Kentucky, kwenda Plano, Texas. Gavana Andy Beshear hakuficha masikitiko yake. Na haki alikuwa nayo, maana K ya KFC ni Kentucky. Lakini aliyelipa jina hilo uzito, Harland Sanders, alipigania jambo kubwa kuliko ofisi: kilichomo ndani ya sahani.

Sanders alianza kuwapikia wasafiri mwaka 1930 kwenye kituo cha mafuta mjini Corbin. Sufuria ya presha alianza kuitumia 1939, na mwaka 1952 Pete Harman wa Salt Lake City akawa wa kwanza kupewa kibali cha kuuza kuku wake. Barabara kuu mpya ilipoupita mji wa Corbin kando, mzee alitia sufuria na viungo vyake garini akaenda kuwapikia wenye migahawa, mmoja baada ya mwingine. Aliyekubali alimlipa senti chache kwa kila kuku. Mwaka 1964 aliuza kampuni kwa dola milioni 2.

Balaa lilianzia hapo. Sura yake, suti nyeupe na tai nyembamba nyeusi, ilibaki kwenye kila boksi, ila jikoni amri haikuwa yake tena. Alizoea kuingia matawini bila hodi, kuchota mchuzi na kuuonja, na usipomridhisha wapishi walikiona. Mwaka 1975 aliliambia gazeti la Courier-Journal la Louisville kwamba mchuzi ule ni maji ya bomba yaliyokorogwa na unga na wanga hadi yakawa gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Kuku mpya mwenye ganda gumu naye alimwita donge la unga lililokaangwa. Tawi la Bowling Green likamshtaki kwa kashfa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Kentucky ililikatalia: mzee aliisema kampuni kwa jumla, wala hakulitaja tawi hilo. Alifariki 1980.

Miaka hiyohiyo Wamarekani walisimuliana habari za mteja wa KFC aliyeuma paja la kuku, kumbe panya. Mwanasosholojia Gary Alan Fine aliona ndani ya uvumi huo hofu ya watu walioacha chakula cha nyumbani wakaanza kulishwa na makampuni. Uvumi wa China ulizua kuku wenye miguu 8. Mwaka 2016 mahakama ya Shanghai iliamuru kampuni 3 zilizoueneza ziilipe KFC yuani 600,000. Ila si kila hofu ni uzushi. Mwaka 2014 televisheni ilikionyesha kiwanda cha Husi cha Shanghai, kilichoziuzia nyama KFC na McDonald's, kikitumia nyama iliyopitwa na muda.

KFC ilifika Nairobi 2011. Januari 2022 chipsi ziliisha, Wakenya wakawaka: kumbe viazi vilitoka ng'ambo, meli zimechelewa, na wakulima wa ndani hawajapitishwa kwenye ukaguzi wa ubora. Ukaguzi ni haki ya mlaji, sibishi. Lakini shamba la viazi la Nyandarua si mbali na Nairobi, na miaka 10 ilitosha kwenda kulikagua.