Kinga ya Radi kwa Magari ya Kambi

Ni jumla ya hadhari zichukuliwazo ili umeme wa gari la kulala safarini, yaani betri, paneli za sola, inveta, friji na redio kolu, usiharibiwe na radi. Katika Endabash, kata ya Wilaya ya Karatu iliyo nyanda za juu, magharibi ya Ziwa Manyara, hadhari hizo zina uzito wake, kwani nchi ni ya mwinuko na mashamba wazi, na mvua za vuli na masika aghalabu huandamana na ngurumo.

Mkondo wa radi kwa kawaida hufikia ampea 30,000, ilhali vyombo vya gari vimeundwa kwa volti 12 au 24. Bodi ya chuma iliyofungika huupitisha mkondo huo upande wake wa nje hadi ukaruka ardhini, waliomo wakasalimika. Kanuni hii ilidhihirishwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1836, wala si mpira wa magurudumu uwahifadhio, kama wengi wanavyodhani. Hema la turubai juu ya paa halina sitara hiyo. Vyombo navyo hudhurika hata radi ikiangukia mti wa jirani, kwa sababu huzusha volti nyingi ghafla katika kila waya mrefu utokao nje ya bodi: wa antena, wa paneli zilizotandazwa majanini, na hasa ule uliochomekwa katika umeme wa kambi.

Kwa hiyo kinga iliyo bora ni kuzitenga nyaya hizo mapema, mawingu yanapoanza kukusanyika. Plagi ya kambi huchomolewa kwanza, kisha waya wa antena hufunguliwa nyuma ya redio. Paneli hutengwa na kidhibiti chaji kabla ya betri, kwani vidhibiti vingi huharibika vikiachiwa paneli bila betri. Vifaa vya kupunguza makali ya umeme wa ghafla hufaa, ila havistahimili pigo la moja kwa moja. Na fyuzi haiwahi kukatika kwa kasi ya radi.

Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30 tangu mmweko, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na wakati wa kushika nyaya umekwisha: watu waingie garini, madirisha yafungwe. Dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, nyaya zikaguliwe kabla ya kuunganishwa, na fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile, maana kuiziba nafasi yake kwa kipande cha waya ni kukaribisha moto ambao radi yenyewe haikuuwasha.