Miguu ya Wapagazi

Tunapofundisha vita vya 1914-1918, tunataja Jenerali Tombeur na kutekwa kwa Tabora, tarehe 19 Septemba 1916. Wanafunzi wanaandika, wanashika kwa kichwa, basi. Lakini juu ya nini hatuwaulize: mizigo ya lile jeshi ilifika Tabora namna gani? Sehemu kubwa ilibebwa na watu. Zaidi ya watu 200,000, wa Kongo na wa nchi ambamo jeshi lilipita, walitumikishwa upagazi. Wengi hawakurudi.

Mpagazi alibeba kilo 25 ao 30, na wengi walitembea bila viatu. Watu wanasema mguu wa peku umezoea. Hapana. Kisigino kinapasuka, na ngozi yenye unyevu ikisuguliwa inatoa malengelenge. Aliyechechemea alibaki nyuma, na kubaki nyuma ilikuwa hatari.

Tena kulikuwa funza, ambaye wengine wanamwita tekenya. Huyu hakuzaliwa kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli moja kutoka Brazili ilimshusha Ambriz, kule Angola, ndani ya mchanga. Kutoka pale alifuata njia za misafara, akapanda mto Kongo, na katika miaka ya 1890 alikwisha kufika pwani ya mashariki. Ni miguu ya wapagazi iliyomvukisha bara zima.

Wazee wetu waliotembea sana walitufundisha desturi ya jioni: mbele ya kula, osha miguu, kausha, angalia kati ya vidole. Lengelenge usilichune, ile ngozi ndiyo kifuniko cha kidonda. Kisigino kikavu kipake mawese. Funza atolewe mapema, mzima, asipasukie ndani.

Desturi hiyo tunaisifu, lakini tuisahihishe pale inapokosa. Mwiba mmoja ao sindano moja ilizunguka nyumba nzima, na kwa njia hiyo ugonjwa wa huyu ulimwingia yule. Sindano ichemshwe, kila mtu na yake, na mtu apate chanjo ya pepopunda. Tena tuache kumcheka mtoto mwenye funza. Akichekwa anaficha mguu, halafu anaacha masomo. Funza anakaa kwenye vumbi la sakafu. Kosa haliko kwa mtoto.

Mwaka 2025, kandokando ya Goma, tuliona tena familia nzima barabarani, godoro kichwani, watoto peku. Ile siku hakuna aliyehitaji hotuba. Walihitaji maji ya kuosha miguu, kitambaa safi, na mtu wa kuinama kuangalia vidole vya mtoto.

Kwa hiyo, tukitaja Tabora darasani, tuwataje na waliobeba. Na jioni, tuinamie miguu ya watoto wetu.